Nafasi ya Mwasiti

Simu ya hospitali ilimkuta Kombo akikunja kanga za mkewe, Mwasiti, aliyefariki kwa maradhi ya moyo wiki mbili zilizopita.

"Mzee, mlete mama kesho," muuguzi alisema kwa furaha. "Vali mpya, vile vilango vya moyo, zimefika. Hapasuliwi kifua tena. Yake tunaipitisha kwenye mshipa wa paja hadi moyoni."

Kombo alikwenda peke yake. Muuguzi alipomwona, alielewa, akainamisha kichwa.

"Nafasi yake mpeni mwingine," Kombo alisema. "Ila naomba niione."

Daktari akamwekea kiganjani vali ya mfano, isiyozidi kizibo cha soda. Kombo aliitazama mpaka macho yakalowa.

"Ndiyo hii tu?"

Akaisogeza sikioni, akasikiliza.