Chini ya Pazia

Walimfunika Mumbua kwa pazia jeupe, wakamwambia asitikisike.

“Wewe ni kiti,” Bwana Norris alimweleza kwa upole. “Mtoto hatulii kwa mwingine. Mshike kwa chini, vidole visionekane.”

Walikuwa wanapiga picha ya bango katika ukumbi mmoja Kingstanding, kwenye mji wa Waingereza. Norris aliongoza chama kidogo cha mtaa, na maneno ya bango yalikuwa tayari ukutani: DAMU SAFI, NYUMBA IMARA. Baba angesimama nyuma, mama angekaa na mwiko wake, mtoto katikati. Baba alikuwa Norris mwenyewe. Mkewe alikuwa amemhama tangu Pasaka, kwa hiyo aproni alivalishwa Jeannine, dereva wa lori la taka, aliyeushika mwiko kama spana.

Mumbua alipoyasoma maneno yale alitaka kurudi nyumbani. Wakala aliyempigia simu alikuwa amesema tu kwamba anatafutwa mtoto mchanga, mweupe, mwenye nywele za dhahabu. Lakini Norris alimwinamia mtoto, macho yakamlengalenga.

“Sijaona kiumbe mzuri hivi,” alisema.

Tangu mtoto azaliwe, wageni walikuwa wakimtazama mara moja tu, kisha wakabadilisha mazungumzo. Mumbua akabaki.

“Yaya, mbona anafumba macho?” Jeannine aliuliza.

“Mwanga unamuumiza,” sauti ya Mumbua ilitoka ndani ya pazia. “Daktari alituonya.”

Wakapunguza taa. Mumbua akaimba polepole kwa Kikamba, mtoto akacheka, na mpiga picha akaipata aliyoitaka.

Norris hakuweza kungoja. Papo hapo akaituma picha kwa wafuasi wake wote na kwa mchapishaji wa mabango. Sifa zikaanza kumiminika kwenye simu, naye akazisoma kwa sauti. Mmoja aliandika kwamba pua ile ni ya mababu zetu, haikosewi.

Pazia likaondolewa. Mumbua alikuwa amelowa jasho, na mtoto ameanza kulia.

“Mfikishie mama yake shukrani zetu,” Norris alisema, bado anatabasamu akiitazama simu yake. “Wazee wake hasa ni watu wa wapi?”

“Machakos,” Mumbua alijibu. “Baba yake ni mweusi kuliko mimi. Huyu amezaliwa na ualbino.”

Kisha akakaa, akafungua vifungo vya blauzi, akamnyonyesha mwanawe.