Ukoo wa Msaga Unga

Avelina aliingia kinuni na bintiye mgongoni. Mzungu mwenye kinu hicho cha maji, nje ya Njombe, alikuwa akiandika daftarini ukoo wake, wasaga unga wa Uingereza vizazi sita.

"Bwana, mwandike na huyu mwanao."

"Mimi hapana zaa mweusi!" Mzungu akamchapa kiboko usoni. Alipogeuka kukwepa, cha pili kikampata mtoto.

Avelina alimsukuma Mzungu kwa nguvu zake zote. Magurudumu ya meno ya kinu yakauma mkono wa shati lake, kisha mkono wenyewe. Mifupa ikaalika kama kuni kavu.

"Funga maji!" Mzungu alipiga yowe. "Avelina, funga!"

Avelina alilishika lango la mfereji ulioleta maji kinuni. Akageuza shingo, akaona damu ya mwanawe ikichuruzika kwenye kaniki. Akaliacha wazi, akashika njia ya Makambako.