Tochi za Siku Hizi

Jua lilikuwa kali, kwa hiyo Mzee Shekue alijaribu tochi kama wateja wote wa duka lile: aliingiza kichwa kwenye boksi tupu la feni, akaiwasha humo ndani.

"Takataka," alisema alipotoka. "Nimeomba tochi ya kuchaji ya kutia mfukoni, wewe unanipa njiti ya kiberiti."

Ya pili aliiita kimulimuli mgonjwa. Ya tatu aliisukuma juu ya meza bila kuirudishia kifuniko chake cha kuchajia. "Mnatuuzia uchafu tu. Hata balbu mmezichakachua, nyumba yangu nzima giza!"

Waliokuwa nyuma yake wakacheka. Saumu, mwenye duka, alikuwa amechoka kutukanwa. Alichukua ile ndogo wanayoipenda walinzi, kali kuliko zote, akaiwasha na kummulika usoni makusudi, ili ashike adabu.

Wateja wa nyuma wakajikinga macho kwa viganja. Mzee Shekue hakupepesa hata ukope. Aliinua kidevu, mdomo kaubetua kwa dharau.

"Haya, washa basi, binti. Unangoja nini?"

Saumu alimsogelea karibu. Ndani ya kila jicho la mzee aliona tochi ndogo, inawaka.