Kikombe cha Arobaini

Zamda alikuwa na vikombe vya ushindi thelathini na tisa katika mchezo wa shamba kwenye simu yake. Cha arobaini, cha dhahabu, alikuwa akikisaka mwaka wa pili sasa. Mchana mmoja mdogo wake, Mosi, aliyeanza kucheza juzi tu, alimwonyesha simu.

"Da Zamda, hiki nacho nini? Nilikuwa namwagilia maua tu, kikatokea."

Kilikuwa kile cha dhahabu.

"Hongera," Zamda alisema.

Mosi akaenda kuepua wali, simu akaiacha mkekani. Zamda aliichukua, akatafuta palipoandikwa "Futa mchezo", akabonyeza.

Mosi aliporudi alikuta shamba tupu.

"Nimefuta mimi," Zamda alisema, macho chini.

Mosi alimkodolea macho, kisha akacheka. "Basi nitapanda upya. Mwanzo ndio mtamu."

Akaketi, akafukia mbegu ya kwanza huku akiimba taratibu. Wivu uliomshika Zamda sasa ulikuwa mkali kuliko ule wa kikombe, maana hakukumbuka ni lini yeye aliimba akicheza.

Jani dogo likachomoza kwenye kioo cha simu ya Mosi. Zamda akasogea hadi mabega yao yakagusana, ili naye alione.