Kiti Kisicho na Fundi

Wanyama walichoshwa na Komba, aliyeulilia mwezi kila usiku wasilale. Wakaamua kumjengea chombo cha kumpeleka hukohuko. Mkuu wa kazi alikuwa Kakakuona, mwenye hasira za karibu.

Kobe aliunda gamba la chombo, akaliongeza unene. Ngamia akaweka tangi la maji, akaliongeza ukubwa. Kila mmoja alisema, "Nimezidisha kidogo tu, kwa usalama."

Chombo kilipopimwa, uzito uliishinda injini.

"Punguzeni!" akafoka Kakakuona.

"Gamba halipunguzwi," akasema Kobe.

"Wala maji," akasema Ngamia. "Lakini hiki kiti cha katikati ni kazi ya nani?"

Wakatazamana. Kiti hakikuwa na fundi wa kukitetea.

"Kitoeni basi, jamani, mmenichosha!" akaamuru Kakakuona.

Kiti kikatolewa. Chombo kikaruka, kikanyooka, kikapotea mawinguni. Mafundi wakakumbatiana, Kobe akitokwa na machozi ya furaha.

Komba alikuwa amesimama nyuma yao, kavaa koti la baridi, begi mgongoni.

"Hongereni, wakubwa zangu," akasema. "Kilikuwa kimpeleke nani vile?"

Kisha akafungua kinywa, akaanza kulia.