Mgongo wa Nyani

Hii naijua mimi, wengine huiharibu. Kabla ya gonjwa, saa ya chai ofisini kwa kina Nyani ilikuwa raha: wote mstari mmoja, kila mmoja akimtoa mwenzake chawa mgongoni, umbea ukitembea. Ofisi ilipofunguliwa tena, wote walikuwa wamechanjwa isipokuwa Nyani.

"Mimi mwili chuma, bwana! Sindano ni za wanyonge," akatamba.

"Basi kaa kule, kaka," Tumbili akamjibu. "Mimi nina mama mgonjwa nyumbani."

Nyani akawa anajikuna ukutani, akiwatazama wenzake wanavyosinzia kwa utamu. Mwisho akaenda kuchanjwa kimyakimya. Chanjo ilipokolea, akarudi mstarini. Vidole vya Tumbili vilipomgusa mgongoni, jitu zima likatokwa machozi, likasingizia eti sindano bado inauma.