Mikono ya Baraka

"Pokeeni baraka ya Bwana," Mchungaji Anaeli alisema, mikono juu, kama alivyofanya kila Jumapili kwa miaka thelathini na moja. Ndipo alipogundua kuwa hayuko madhabahuni. Yuko benchi la tatu, bila joho, mstaafu wa juma moja.

Kule mbele, mrithi wake, Mchungaji Aikande, binti ambaye yeye mwenyewe alimbatiza, alikuwa naye ameinua mikono. Wanakwaya wakaangua kicheko.

"Baba Eliwaza, keti," mkewe alimnong'oneza, akimvuta koti.

Lakini Aikande alishusha mikono yake, akapiga magoti, akainamisha kichwa. Kanisa zima likainama, likangoja.

Anaeli akayatafuta maneno. Hayakuja. Mikono yake ikabaki hewani, na hakuna aliyethubutu kusema amina.